Kabla Tumbili Hawajakuzoea

Mwanangu Atupele,

Wewe na mama yako mmekwenda Vwawa kumuaga shangazi yako, na ninajua hamtarudi mapema, maana shangazi yako hamwachi mgeni aondoke bila kula. Nimebaki peke yangu hapa nyumbani. Malori yamejipanga barabarani kama kawaida, yanasubiri kuvuka kwenda Zambia, na vumbi lake linaingia mpaka ndani. Begi lako liko karibu na mlango, umeshalifunga. Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako amekueleza yote, pa kuficha hela, maji ya kunywa, kupiga simu ukifika, na kesho atayarudia mpaka mpakani. Mimi nina jambo moja tu la kukujibu.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, ulikaa nje na sisi ukatueleza kazi yako mpya. Ulisema mradi uko bondeni huko Zambia, mbali kabisa na Nakonde, safari ya basi halafu gari la mradi. Ulisema kuna kundi la tumbili ambalo halijawahi kumzoea mtu yeyote, na wewe ndiye utakayeanza nalo. Ulikuwa unacheka. Ukasema, "Baba, ni kazi yako ileile. Mimi naenda kuifanya vizuri zaidi."

Mama yako akacheka pia. Mimi nikainuka nikaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa, na jua lilikuwa bado liko juu. Jioni uliniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika, mama. Wiki nzima nimekuwa nikitafuta la kukujibu.

Mwisho wa ile kazi yangu unaujua. Ulikuwa darasa la pili, na uliwaona wanaume wakirudi kutoka msituni, na uliona walichobeba. Hukuniuliza siku ile wala baadaye. Lakini jinsi tulivyofika pale hujui, kwa sababu sijawahi kusimulia. Mama yako mwenyewe anajua nusu tu.

Nilipomaliza kidato cha nne kule Ileje sikupata nafasi ya kuendelea. Nikarudi kulima na kaka yangu, baba yako mkubwa Ambokile, kwenye shamba la babu yako, lile linaloteremka kutoka kijijini mpaka kwenye msitu mdogo wa kando ya mto. Tumbili walikuwepo msituni mle tangu tukiwa watoto. Sisi tuliwajua kama wezi wa mahindi, na wao walitujua kama watu wa mawe. Ukinyanyua mkono, hata kama ni kujikuna tu, walikuwa wameshapotea. Tuligombana nao hivyo kila msimu. Wao walipata chakula kidogo, sisi tulibaki na kingi, na maisha yakaenda.

Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kutembea alipofika yule mtafiti wa Kizungu. Jina lake lilikuwa gumu kwa watu wa kule, kwa hiyo kijiji kizima kilimwita Mama Tumbili, na yeye alilipenda jina hilo. Alipanga nyumba karibu na kanisa. Alitaka kujua tumbili wanajuanaje wao kwa wao, wanaambiana nini wanapolia, nani anamtambua mtoto wa nani. Alitafuta mtu anayeujua msitu na anayejua kusoma na kuandika. Mwenyekiti wa kijiji akanitaja mimi. Alisema nina subira.

Mwaka wa kwanza nililipwa kwa kuwafuata na kutofanya kitu. Alinifundisha nisiwatazame machoni. Nikae upande upande, nichume majani kama mtu asiye na shida nao. Nisishike fimbo. Nisile mbele yao. Nivae nguo zilezile kila siku ili wanijue. Na zaidi ya yote, nisimguse hata mmoja, hata akija mwenyewe. Mwanzoni walipiga kelele wakakimbia kila walipotuona, nasi tukawafuata tena. Watu kijijini waliniita mchunga tumbili. Mama yako alivumilia utani huo kisimani kwa muda mrefu, na hilo sijawahi kumshukuru.

Kulikuwa na jike mmoja ambaye mkono wake wa kushoto uliharibiwa na mtego. Vidole vilikuwa vimejikunja, anatembea kwa kuegemea. Mimi nilimwita Kikono. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa chini naangalia pembeni kama nilivyofundishwa, nikamsikia anakuja kwenye majani makavu. Alipita mbele ya miguu yangu, mtoto wake amening'inia tumboni, akakaa karibu kabisa, akaanza kumtoa mtoto uchafu kichwani. Hakunijali. Niliweza kumsikia anapumua.

Nilirudi nyumbani siku ile nikashindwa kula. Sijui kama utanielewa kabla hayajakupata na wewe. Mnyama ambaye babu zake wote walitukimbia ameamua kwamba mimi si hatari. Nilijiona nimechaguliwa. Nakuandikia hili kwanza kwa sababu kama ningeanza na mabaya tu ungesema baba ameichukia kazi. Siku zile niliipenda kuliko chochote nilichowahi kufanya.

Baba yako mkubwa alikuwa anapita nyumbani jioni anisikilize nikisimulia. Alicheka sana, lakini alisikiliza. Siku moja akaniuliza, "Sasa wakishakuzoea wewe, sisi wengine watatuchukuliaje?"

Nilimpelekea Mama Tumbili swali hilo. Alisema tumbili wana akili, watatutofautisha sisi na watu wengine. Wakulima wataendelea kuwaogopa. Hakunidanganya. Alikuwa anaamini hivyo. Mimi nikalirudisha jibu kwa kaka yangu, na nililirudisha kwa sauti ya mtu anayejua, kama vile nimelichunguza mwenyewe. Ambokile akasema sawa.

Halafu ikaja kazi ya spika. Wewe umeisomea, najua unaijua kuliko mimi, lakini nikueleze nilivyoiona. Tulikuwa tunarekodi sauti zao, kisha tunaficha spika kichakani, tunasubiri watulie, tunaipiga sauti ya mmoja ambaye wakati huo hayupo karibu. Mtoto wa Kikono alikuwa mgomvi, analia kila mara kwa sauti kali akichezewa vibaya na wenzake. Tuliirekodi sauti ile. Siku moja akina mama watatu wamekaa pamoja, mtoto yuko mbali ng'ambo ya kijito, tukaipiga. Kikono aligeuka upande wa kichaka. Wale wenzake wawili hawakutazama kichaka. Walimtazama Kikono. Mama Tumbili alinishika bega kwa furaha. Nami nilifurahi, maana nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba wanajua huyu ni mtoto wa fulani.

Msimu wa mvua, tai alimchukua mtoto yule. Mama Tumbili ndiye aliyeona, mimi niliona tu asubuhi yake Kikono yuko peke yake. Zilipita wiki kadhaa. Tulikuwa tunapiga sauti mbalimbali kwa mpangilio, na kwenye mpangilio ule sauti ya mtoto ilikuwemo. Mama Tumbili akaniuliza kwa sauti ya chini kama tuiruke. Alisema tukiipiga tutajua kama mama bado anakumbuka, na kwamba hakuna anayejua jambo hilo. Aliniuliza kweli, Atupele, alitaka nimjibu. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayejua."

Akaipiga.

Kikono alikuwa amelala anachambuliwa manyoya na mwenzake. Aliruka. Alikuja anakimbia kwa miguu mitatu, akaingia kichakani, akazunguka spika, akatazama nyuma yake, akaingiza mkono wake mzima chini yake. Halafu akaja kwenye lile boksi nililobebea vyombo, akachungulia ndani. Hakukuwa na kitu. Akakaa mbele yangu akanitazama usoni. Sheria ilikuwa nisiwatazame machoni, na siku ile nilishindwa kugeuka.

Mama Tumbili alizima. Akasema, "Hii hatutarudia." Na kweli hatukurudia, na jioni ile hakutoka chumbani kula. Lakini Kikono aliendelea kukijia kile kichaka. Kundi likipita pale anabaki nyuma, anachungulia, halafu anawakimbilia wenzake. Baadaye akaacha. Sikwambii haya ili uwachukie utakaofanya nao kazi. Yule mama alikuwa mtu mzuri, mzuri kuliko wengi niliowafahamu. Ninakwambia kwa sababu na wewe utabeba spika, na kuna siku mtu atakuuliza kwa sauti ya chini, na atakuwa anataka jibu lako.

Ulipokuwa umeanza shule, alituambia fedha za mradi zimekwisha na hazitaongezwa. Alijaribu huku na huku, akaandika sana, hakupata. Kijiji kilimfanyia sherehe, wanawake wa kanisani wakaimba, naye akacheza nao akalia. Siku ya mwisho tulitembea na kundi mpaka jioni. Wakati tunarudi nikamuuliza, "Na hawa?"

Akasema, "Watarudi kuwa wa porini. Taratibu."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nikarudi kwenye jembe. Kwa muda fulani nilikuwa napita msituni Jumamosi kuwasalimia, ndivyo nilivyokuwa nasema, kuwasalimia. Mama yako alinicheka. Laiti ningekuwa nimeacha kwenda.

Mahindi yalipokomaa, wakaja kama wanavyokuja kila mwaka. Tofauti ni kwamba hawakuondoka. Mama Lugano, mke wa Ambokile, alikuwa analinda shamba juu ya dungu. Akapiga debe, wakainua vichwa, wakaendelea kula. Akashuka akawakimbiza, wakasogea pembeni kidogo kama watu wanaompisha mtu njiani. Akarusha bonge la udongo, wakalitazama. Watoto wakaacha shule kulinda, na bado tumbili walikula. Wakaanza kupanda mpaka majumbani. Wakaingia jikoni. Siku moja Lugano, mtoto wa mwisho wa Ambokile, alikuwa amekaa mlangoni na kipande cha ugali, tumbili akaja kukichukua, mtoto akakishikilia. Yule tumbili akamuuma mkono. Zahanati haikuwa na sindano ya kichaa cha mbwa, ikabidi Ambokile ambebe mtoto kutoka bondeni kwa bodaboda, kwenye mvua, mpaka hospitali, na arudi naye tena na tena mpaka sindano ziishe. Lile kovu la Lugano ulilokuwa unalichezea mkiwa wadogo ndilo hilo.

Ambokile alikuja kwangu aliporudi mara ya kwanza. Hakupandisha sauti. Unamjua baba yako mkubwa.

"Mdogo wangu, ulisema watatofautisha watu."

"Ndivyo nilivyoambiwa, kaka."

"Mimi sikuambiwa na mzungu. Niliambiwa na wewe."

Nilipanda kilimani kwenye mtandao nikampigia Mama Tumbili kwao. Nilimweleza yote mpaka la Lugano. Nilimsikia analia. Alisema alidhani angerudi. Alisema ataandika kwa watu. Mwisho akasema niwafundishe kuogopa tena. "Warushie mawe," alisema. "Wewe ndiye wanayekujua."

Basi nikaenda na mawe mfukoni. Nilivaa koti la kuazima wasinijue, wakanijua. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi fupi ukingoni mwa msitu. Jiwe la kwanza nililirusha kando, wakashtuka, kisha wakatulia. La pili lilimpata Kikono begani. Nilikuwa nimelenga. Alilia, akasogea hatua chache, halafu akakaa akanipa ubavu, akaanza kuchuma majani, anaangalia pembeni. Nilisimama na jiwe jingine mkononi. Ndivyo mimi nilivyokuwa nakaa mwaka ule wa kwanza kila walipoogopa, ili wajue kwamba sina ubaya. Sijui kama mnyama anaweza kuiga hivyo, au alikuwa tu anakula majani. Umesoma, labda utajua. Mimi nilirusha lile jiwe, nikarusha na mengine, nikapiga kelele mpaka koo likauma. Nikajaribu kwa mdomo wangu ule mlio wanaoutoa kutahadharishana wakimwona chui. Mdogo mmoja alipanda mtini. Wengine walinitazama tu.

Kesho yake nilikwenda tena, na siku zilizofuata. Walijifunza kitu kimoja tu, kwamba nikiwa na jiwe wakae mbali kidogo. Sikuweza kuwafundisha kuwaogopa watu wote. Kuwazoesha kulituchukua mwaka na zaidi, tukiwa wawili, bila kukosea hata mara moja. Kuwaondolea mazoea yale, mtu mmoja na mawe yake, mahindi yako shambani, haikuwezekana.

Afisa mmoja wa wanyamapori alikuja na pikipiki. Alikuwa kijana muungwana. Alitushauri tupande pilipili kando ya shamba, tufunge makopo, tulinde kwa zamu. Alisema ameandika taarifa na anajua haitafika mbali, kwa sababu ana vijiji vingi na tembo wanaua watu kwingine. Alikunywa maji akaondoka. Nami sikuwa na la kumlaumu.

Mkutano wa kijiji uliamua ufanyike msako wa tumbili. Wanaume wote, na mbwa. Mwenyekiti aliniomba nitangulie, kwa kuwa hawanikimbii. Nikakataa, na hakuna aliyenilazimisha. Tulipotoka, Ambokile alinisindikiza mpaka kona ya nyumba. "Kaa nyumbani siku hiyo," akasema. "Usije kabisa. Hata kusikia usisikie." Ilikuwa huruma yake kwangu, na kama ningemsikiliza labda tumbili wengi zaidi wangepona.

Sikukaa nyumbani. Alfajiri niliwatangulia, nikiwa na wazo moja tu, niwafukuze wavuke mto waingie upande wa Malawi kabla mbwa hawajafika. Kulikuwa na ukungu. Niliwakuta bado wako juu ya miti waliyolala. Nikapiga makofi, nikapiga kelele, nikatikisa matawi. Na wao, Atupele, wakashuka. Ndiyo ilikuwa saa ambayo miaka yote nilikuwa nawakuta pale, na wao walikuwa wanashuka nikifika, tunaanza siku. Mifukoni sikuwa na mawe, nilikimbia nikasahau. Walikaa kwenye zile nyasi fupi kunizunguka, wanaota baridi, watoto wanacheza. Nilikuwa nawapigia kelele, machozi yananitoka, na wao wananipa ubavu wanasubiri nitulie.

Wanaume walitokea kwenye ukungu nyuma yangu. Walipoona kundi zima liko chini hawakuamini. Nadhani wengine mpaka leo wanasema nilibadili mawazo nikawakusanyia.

Mengine siandiki. Uliwaona wanarudi. Nitaandika la Kikono tu, kwa sababu hilo hakuna aliyelijua isipokuwa mimi. Mbwa alikuwa anamfukuza, na miti ilikuwa mbali kwa miguu yake mitatu. Hakwenda kwenye miti. Alikuja kwangu, akaingia nyuma ya miguu yangu, akajibanza. Nilisikia mgongo wake kwenye vigimbi vya miguu yangu, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuguswa naye. Ningeweza kuinama nikamnyanyua. Alikuwa mdogo, mzito kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimeishi miaka na sheria ya kutomgusa, nimeishika vizuri kuliko sheria yoyote ya nyumbani au ya kanisani, na pale mikono yangu ikakaa kama ilivyozoea kukaa. Nilimpiga teke mbwa mara moja. Akazunguka upande wa pili.

Ambokile alinikuta nimekaa chini. Alikaa na mimi, panga lake kaliweka mbali. Baadaye alinishika mkono akaniongoza nyumbani kama mgonjwa, akamwambia mama yako anipe uji.

Wachache walipona wakakimbia, na sikuwaona tena. Mwaka ule mahindi yalikuwa mengi. Tuliyala, na wewe uliyala, na Lugano alinenepa. Kaka yangu hakukosea. Mtoto wake alikuwa ameumwa na shamba lake lilikuwa linaliwa mbele ya macho yake. Mama Tumbili naye sijui nimlaumu kwa lipi. Hakuwa na fedha wala amri, na kila alichoniambia alikiamini. Na mimi nimejihukumu mara nyingi, halafu nikajiuliza ningefanya nini tofauti, na kila jibu linakuja limechelewa, linatakiwa liwe limefika kabla ya ile asubuhi Kikono alipopita mbele ya miguu yangu. Mwaka uliofuata tukahamia hapa Tunduma. Watu walidhani ni biashara ya mama yako.

Halafu wewe ukaja kukaa mbele yangu na furaha yako. Jumapili ileile, kabla sijaenda kwa kuku, nilikuuliza mradi wenu ni wa muda gani. Ukasema miaka mitatu kwa kuanzia. Nikakuuliza na baada ya hapo. Ukasema, "Watu wa mradi wanajua, Baba." Ulisema kwa sauti yangu. Ndiyo maana niliinuka.

Nimetaka kukwambia usiende. Nimeifikiria hiyo sentensi kila nilipokuwa kwenye lindo la yadi ya malori, na kila nikirudi asubuhi nakukuta unajifunza salamu za Kibemba na wateja wa mama yako, na siwezi. Umesoma kwa shida. Kazi hazipo. Usipokwenda wewe atakwenda mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na moyo kama wako. Hata wale tumbili, kama wameshapangwa kuzoeshwa, watazoeshwa. Sioni mahali ninapoweza kushika ili jambo hili lisimame.

Nina ombi, na ujue simaanishi kwamba litasaidia. Ukifika, kabla hujaingia porini hata siku moja, nenda kwanza kwa wenye mashamba ya jirani. Kaa nao, kula kwao, jua majina ya watoto wao. Wakikuuliza nini kitatokea mradi ukiondoka, na watakuuliza, maana wao ndio watakaobaki, usiwapelekee jibu la ofisini ukiwa umelivika sauti yako. Sema hujui. Kama kutojua kwako kutakufanya ushindwe kuanza kazi, nipigie simu. Na kama utaanza kazi hata hivyo, nipigie vilevile. Sitakuuliza kitu.

Kesho asubuhi mchungaji atakuja kutuombea kabla hujatoka. Halafu tutatembea wote mpaka mpakani, mimi nitabeba begi na mama yako atakuwa anazungumza. Nitakupa karatasi hizi mkononi mkishaagana. Zisome ukiwa ndani ya basi, si mbele yetu.

Najua mchungaji atakachoomba. Ataomba Mungu aibariki kazi ya mikono yako, ifanikiwe. Nitafumba macho pamoja na wote, nitasema amina. Lakini ndani yangu, mama, sijui nitakuwa naomba nini, wale wanyama wakuzoee, au siku ya kwanza tu watakapokuona wakimbie wasirudi tena.

Ni mimi ninayekupenda,
Baba yako